Kompyuta Moja, Wapigaji Wawili: Enzi ya Mbao za Matangazo za Simu

Katikati ya miaka ya 1980, Mmarekani aliyeamua kuifungulia umma kompyuta yake ya nyumbani alikuwa kama anaiaga. Aliunganisha modemu kwenye laini ya simu, akawasha programu ya ubao wa matangazo, akaisambaza namba yake mjini, na tangu usiku huo mashine aliyoinunua kwa fedha nyingi ikawa ya wageni. Huyu alipiga kusoma ujumbe. Alipokata, akaingia mwingine kuchukua programu ya bure. Mwenye kompyuta akitaka kuandika barua au kupiga hesabu za nyumba, alikuwa na njia moja tu: awafungie wageni mlango mpaka amalize shughuli yake.

Mbao hizi, ambazo Wamarekani waliziita BBS kwa kifupi, ndizo zilizokuwa mtandao wa watu wa kawaida wakati intaneti bado iko vyuoni, jeshini na katika maabara. Wanaozikumbuka leo husimulia zaidi milio ya modemu. Mimi naona kisa chenyewe kiko ndani ya sanduku la kompyuta: namna watu wasio na uwezo wa kununua mitambo mikubwa walivyoilazimisha mashine ya mtu mmoja iwahudumie watu wawili, watatu, hata wanne kwa wakati mmoja.

Ubao wa kwanza ulizaliwa Chicago. Januari 1978 theluji nzito ilifunga barabara za mji huo na watu wakabaki majumbani. Ward Christensen, mfanyakazi wa IBM, akazungumza kwa simu na Randy Suess, mwenzake katika klabu ya wapenda kompyuta. Klabu yao ilikuwa na ubao wa kubandika vikaratasi vya matangazo. Wakajiuliza kwa nini kompyuta isifanye kazi hiyo. Christensen aliandika programu, Suess akaunganisha vifaa, na tarehe 16 Februari 1978 mfumo wao, CBBS, ukaanza kupokea simu. Modemu ilikwenda kwa biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi. Skrini iliyojaa maandishi ilichukua zaidi ya dakika moja kujiandika, na msomaji aliweza kwenda sambamba nayo bila haraka. Kabla ya kustaafishwa, CBBS ilikuwa imepokea simu zaidi ya 250,000, zote zikipitia laini moja.

Christensen huyohuyo, mwaka 1977, alikuwa ameandika utaratibu wa kupeleka faili kwa simu uliokuja kuitwa XMODEM. Faili hukatwa vipande vya baiti 128, kila kipande na hesabu yake ya uhakiki. Hesabu isipolingana upande wa pili, kipande hurudiwa. Hakutaka malipo kwa kazi hiyo, na bila shaka hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya karibu kila programu ya mawasiliano ya simu ya miaka ile iujue utaratibu wake.

Mwaka 1981 yalitokea mambo mawili yaliyougeuza mchezo wa wapenda vifaa kuwa jambo la watu wengi. Kampuni ya Hayes ilitoa Smartmodem, modemu iliyopokea amri kutoka kwenye kompyuta yenyewe: ATA ipokee simu, ATH ikate, ATDT ipige. Mtu hakuhitaji tena kukaa karibu ili ainue mkonga wa simu. (Amri hizo hazijafa, modemu za ndani ya simu za mkononi na vifaa vya kufuatilia magari bado zinazielewa.) Mwezi Agosti mwaka huohuo IBM ikatoa PC yake. Mashine hiyo na nakala zake za bei nafuu zilisambaa, zikiwa na mfumo wa DOS, na hapo ndipo tatizo letu linapoanza.

DOS ilijua kufanya jambo moja. Programu ikianza, mashine yote ni yake mpaka imalize, na kumbukumbu iliyoweza kuitumia kwa kawaida ilikomea kilobaiti 640. Kwa karani wa ofisini hilo halikuwa na shida. Kwa mwendeshaji wa BBS lilikuwa na shida mbili, na ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Ya kwanza nimeshaitaja: mashine haikuwa yake tena. Ya pili ilikuwa ya wapigaji. Ubao mzuri ulijaza watu, na laini moja ina mtu mmoja. Wengine wote walisikia mlio wa laini inayotumika, wakapiga tena, na tena. Waendeshaji wakaweka vikomo: dakika 45 au saa moja kwa siku, kisha unakatwa, hata kama faili lako limebaki robo.

Aliyetaka laini ya pili angeweza kununua kompyuta ya pili na kuziunganisha kwa mtandao wa ndani. Matajiri wa fani walifanya hivyo. Exec-PC ya Bob Mahoney, huko Wisconsin, ilianza mwaka 1983 na kufikia laini zaidi ya 200. Njia nyingine ilikuwa kununua programu ghali kama TBBS au MajorBBS, ambazo zenyewe zilijigawa ndani kwa ndani kuhudumia laini nyingi kwenye PC moja. Ila mpigaji wa miaka ile alitaka zaidi ya ujumbe na faili, alitaka michezo. TradeWars na Legend of the Red Dragon zilikuwa programu za pembeni ambazo ubao huzifungulia mlango na kumkabidhi mpigaji. Chini ya DOS, ukimkabidhi mpigaji mmoja kwa programu ya pembeni, mashine nzima imemfuata huko.

Jibu lilitoka Santa Monica, California, kwa kampuni iliyoitwa Quarterdeck. Mwaka 1985 ilitoa DESQview, programu iliyokaa juu ya DOS na kuzigawia programu kadhaa zamu za prosesa. Prosesa hapo ni kama mama ntilie mwenye mwiko mmoja na sufuria tatu: anakoroga wali, anageukia maharage, anatupia jicho mchuzi, na wateja wanaona vyote vinachemka pamoja. Zamu zilipimwa kwa mapigo ya saa ya kompyuta, 18 na kidogo kwa sekunde. Mwendeshaji alichagua mwenyewe dirisha analolitazama lipewe mapigo mangapi na yale ya nyuma mangapi.

Mwanzoni faida ilikuwa ndogo, kwa kuwa programu zote ziligombania kilobaiti zilezile 640. Mambo yalibadilika kwa prosesa ya Intel 80386, iliyotangazwa mwaka 1985 na kuingia kwenye PC mwaka 1986. Ilikuwa na hali maalumu ya kufanya kazi inayoipa kila programu ya DOS mashine yake ya kufikirika, yenye kumbukumbu yake. Quarterdeck waliandika QEMM, programu ya kusimamia kumbukumbu hiyo, na ilipouzwa pamoja na DESQview, PC yenye megabaiti nne iliweza kufungua madirisha kadhaa, kila moja na zaidi ya kilobaiti 500. Dirisha la kwanza laini ya kwanza, la pili laini ya pili, la tatu barua ya mwenye nyumba. Windows 3.0 ilipokuja mwaka 1990 ilivutia macho kwa picha zake, lakini waendeshaji wengi wa mbao hawakubabaika. DESQview ilifanya kazi kwa maandishi matupu, ilikula kumbukumbu kidogo, na haikupoteza herufi za modemu ovyo.

Hizo herufi zilizopotea zinahitaji maelezo, kwa sababu ndizo zilizowakosesha watu usingizi. Kila herufi inayoingia kutoka kwenye modemu hupokelewa na kichipu cha mlango wa simu, na kichipu hupeleka ishara ya kumkatiza prosesa ili aje aichukue. Kichipu cha 8250 cha PC za kwanza kilishika herufi moja tu. Herufi inayofuata ikifika kabla ya ile ya kwanza kuchukuliwa, moja imepotea. Kwa modemu ya biti 2,400, herufi ni 240 kwa sekunde, na prosesa ana milisekunde nne hivi za kuitikia. Modemu za 14,400 zenye kubana data ziliutaka mlango uwekwe kwenye 38,400 au zaidi. Hapo ni herufi 3,840 kwa sekunde, na muda wa kuitikia umeshuka hadi robo ya milisekunde. Prosesa anayehangaika kubadili madirisha hafiki kwa wakati.

Tiba ilikuwa kichipu kingine, 16550A, chenye akiba ya herufi 16. Kiliwekwa kisubiri herufi 14 ndipo kimwite prosesa, na miito ikapungua kutoka 3,840 hadi chini ya 280 kwa sekunde. Kilikuwa kitu kidogo cha bei ya kawaida, na katika kadi nyingi za wakati ule kilichomekwa kwa mkono kwenye tundu la kile cha zamani. Nadhani hakuna kipuri kilichofanya kazi kubwa kuliko hicho katika historia ya mbao hizi, na hakuna kilichosifiwa kidogo zaidi.

Kichipu kikipatikana, zinabaki ishara zenyewe za kukatiza. PC ilikuwa na milango minne ya simu kwa majina, lakini COM1 na COM3 zilitumia ishara moja, IRQ 4, na COM2 na COM4 nyingine, IRQ 3. Laini mbili zilikwenda salama. Ya tatu iligongana na ya kwanza, na mwendeshaji aliishia kuhamisha vidaraja vidogo kwenye kadi, akitafuta ishara isiyotumiwa na kipanya wala kichapishi. Aliyetaka nne au nane alinunua kadi maalumu ya milango mingi, kama zile za DigiBoard.

Halafu kulikuwa na programu zisizo na adabu. Programu ya kawaida ya DOS ikisubiri mtu abonyeze kitufe haikai kimya, inaiuliza kibodi maelfu ya mara kwa sekunde, “umebonyezwa? umebonyezwa?”, na zamu yake yote inaishia hapo. Mpigaji wa laini ya kwanza akienda jikoni kuchemsha chai huku mchezo ukimsubiri, mpigaji wa laini ya pili anaona faili lake linakokota. Waandishi wa programu za mbao walijifunza kuweka amri fupi ya kuiambia DESQview “sina kazi, mpe mwingine”, na kwa michezo iliyokataa kujifunza, ilitumika programu ndogo iitwayo Tame, ambayo iliunyang'anya mchezo muda inapouona unauliza tu. Mwisho, wapigaji wawili wanaoandika ujumbe kwa wakati mmoja huandika kwenye faili moja. DOS ilikuwa na programu ya kulinda jambo hilo, SHARE. Aliyesahau kuiwasha alikuta ujumbe wa Jumatatu umeingia tumboni mwa ujumbe wa Jumapili.

Baada ya haya yote, mtu angetegemea waendeshaji wafurahie OS/2, na wengi waliifurahia. IBM na Microsoft waliianzisha pamoja mwaka 1987, wakaachana, na toleo la 2.0 la IBM la mwaka 1992 lilikuwa la biti 32, likigawa zamu kwa ukali unaotakiwa na kuendesha programu nyingi za DOS bila moja kuiangusha nyingine. IBM walijinadi kwamba ni DOS bora kuliko DOS yenyewe. Kwa mwendeshaji wa BBS dai hilo lilikuwa kweli, kwa sharti moja: auondoe usimamizi wa milango ya simu uliokuja na mfumo na kuweka SIO, ulioandikwa na mtu binafsi, Ray Gwinn. Programu ya ubao ya Maximus, iliyoandikwa na Scott Dudley wa Kanada, ilikuwa na toleo la OS/2 tangu mapema. Kampuni kubwa kama IBM kupata wateja waaminifu kwa sababu ya kazi ya mtu mmoja nyumbani kwake ni jambo linalofaa kukumbukwa kila tunaposoma historia za kompyuta zilizojaa majina ya wakurugenzi.

Watu wangapi walipita kwenye mbao hizi? Mwaka 1994 jarida la InfoWorld lilikadiria mbao 60,000 na watumiaji milioni 17 nchini Marekani pekee. Ni makadirio, na mpigaji mmoja angeweza kuhesabiwa kwenye mbao tano. Hata ukikata nusu, ni watu wengi.

Mpaka hapa ubao ni kisiwa: unapiga wa mjini kwako kwa sababu simu ya mbali ni ghali. Aliyevunja hilo ni Tom Jennings wa San Francisco. Mwaka 1984, kwa programu yake Fido, aliufanya ubao wake upige wenyewe usiku, wakati simu ni rahisi, na kubadilishana barua na ubao wa rafiki yake Baltimore. Ndipo ukazaliwa FidoNet. Kila nodi, yaani kila ubao uliojiunga, ilitakiwa kuwa tayari kupokea barua katika saa maalumu ya usiku, na kwa wenye laini moja hiyo ilikuwa saa ya kuwafukuza wapigaji. Mwenye madirisha mawili aliacha moja lishughulike na barua na jingine libaki na watu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 nodi zilikuwa karibu 40,000 duniani, zimegawanywa kwa kanda. Afrika ilikuwa kanda ya tano.

Hapa kisa kinafika kwetu, na kwetu hakikuja kama mchezo. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na athari za uamuzi ule zilidumu miaka mingi. Kenya na Uganda kompyuta zilikuwepo, lakini laini za simu zilikuwa haba na simu ya kwenda ng'ambo ilikuwa anasa. Intaneti kamili ilitaka laini iliyo wazi muda wote. FidoNet ilitaka dakika chache tu kwa siku: barua zinakusanywa, zinabanwa, simu inapigwa, zinakwenda na kurudi kwa mkupuo mmoja, simu inakatwa. Utaratibu wa ZMODEM, ulioandikwa na Chuck Forsberg mwaka 1986, uliliwezesha faili lililokatika kuendelea palepale lilipoishia. Kwa laini zetu za wakati ule, hilo ndilo lililotofautisha barua inayofika na isiyofika.

Hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 nodi za FidoNet zilikuwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Addis Ababa, Lusaka na Harare, kila moja PC ya kawaida na modemu mezani. Nairobi, kituo cha mashirika ya mazingira cha ELCI kilikuwa na nodi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kitovu cha mradi wa ESANET uliounganisha vyuo vya mashariki na kusini mwa Afrika. Makerere kulikuwa na nodi iliyoitwa MUKLA. London, shirika la GreenNet liliweka lango lililozigeuza barua za Fido kuwa barua-pepe za intaneti na kuzirudisha. Mara nyingi GreenNet ndio waliopiga simu kuja Afrika, kwa kuwa kupiga kutoka Uingereza kuligharimu kidogo kuliko kupiga kwenda huko.

Madaktari walipata njia yao. SatelLife ya Boston, iliyoanzishwa na Bernard Lown, daktari wa moyo ambaye chama chake cha madaktari dhidi ya vita vya nyuklia kilipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1985, iliendesha HealthNet kwa programu zilezile za FidoNet. Ilitumia pia setilaiti ndogo ya UoSAT-3, iliyojengwa Chuo Kikuu cha Surrey na kurushwa Januari 1990. Setilaiti hiyo ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, dakika chache kila mara, ikapokea barua za Afrika na kuzishusha ilikokwenda. Daktari wa Muhimbili au Mulago aliyepata makala ya kitabibu kwa njia hiyo alikuwa akitumia teknolojia ya vijana wa Marekani waliotaka kucheza TradeWars. Sioni aibu yoyote katika hilo. Naona sifa kwa waliotambua kwamba chombo cha burudani kinaweza kubeba mzigo mzito.

Mwisho ulikuwa wa haraka. Mwaka 1993 kilikuja kivinjari cha Mosaic na kurasa za intaneti zenye picha. Desemba 1996 kampuni ya AOL ilianza kutoza ada moja kwa mwezi bila kuhesabu saa, na mpigaji wa Marekani hakuwa na sababu tena ya kungoja laini ya jirani iwe wazi. Kwetu, watoa huduma za intaneti walianza kufungua milango katikati ya muongo huohuo, na nodi za Fido zikazimwa moja moja. Quarterdeck ilinunuliwa na Symantec mwaka 1998. IBM iliacha kuuza OS/2 mwishoni mwa 2005.

Wapo wanaoendelea. Programu ya ubao ya Synchronet, ya Rob Swindell, iliyoanza katika zama za DESQview, sasa ni ya bure na hupokea wageni kwa intaneti. Wengine, wenye moyo zaidi, wanafufua PC za 386 na 486 pamoja na modemu halisi, na kugundua kwamba laini za simu za leo, zinazobana sauti ili kuokoa nafasi kwenye intaneti, zinauharibu mlio wa modemu. Inabidi mtoa huduma akubali kupitisha sauti bila kuibana, na hata hapo kasi hushuka.

Randy Suess alifariki mwaka 2019, na Ward Christensen mwaka 2024. Wamarekani wameshahifadhi sauti za watu wao: mwaka 2005 Jason Scott alitoa filamu ya BBS iliyotokana na mahojiano zaidi ya 200. Nodi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hazijapata kazi ya namna hiyo. Walioziendesha wengi wao bado wako nasi, na diski zao za plastiki zinaharibika kabatini kwa unyevu na ukungu. Kama wewe ni mmoja wao, au unamfahamu mmoja, diski hizo zinakiliwe mwaka huu, na madaftari ya kumbukumbu za simu yapelekwe maktaba ya chuo kilicho karibu kabla ya mtu kuyatupa pamoja na karatasi za zamani.